Raia mpya na daftari la wapiga kura: ni ushahidi kabla ya kuwa kura

  

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, leo tunalijadili jambo linalozigusa nyumba nyingi za mwambao wa Ziwa Viktoria, ingawa mara nyingi huzungumzwa kwa sauti ya chini. Ni jambo la mtu aliyeupata uraia wa nchi hii akiwa mtu mzima, na anayetaka kuliandikisha jina lake katika daftari la wapiga kura. Je, aende? Aende na nani? Aseme nini mbele ya mwandikishaji? Na sisi majirani zake tunawajibika kwake kwa lipi?

Mnamo Agosti 2024, kazi ya kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ilifika Mwanza, baada ya kuzinduliwa Kigoma mwezi wa Julai. Katika siku hizo mzee mmoja alitujia baada ya swala ya Alasiri. Ni mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Aliingia nchini mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, wakati Warundi kwa maelfu walipoyakimbia mauaji ya nchini kwao, akalelewa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Alituambia: "Shehe, mjumbe amepita kwetu, anasema nyumba nzima twende tukaandikishwe. Twende sote?"

Swali lilikuwa fupi, lakini jibu lake halikuwa moja.

Nyumba moja, hadhi nne

Tulimwomba atueleze habari za nyumba yake, naye akatueleza bila ya kuficha. Yeye mwenyewe anacho cheti cha uraia wa tajnisi. Mkewe alivuka mpaka akiwa binti, wakafunga nikahi hapa hapa nchini, lakini hajapata kuomba uraia. Wote wawili walidhani kuwa nikahi ilitosha. Kijana wao wa kwanza hakuwapo Ulyankulu wakati majina yalipokuwa yakiandikwa kwa ajili ya maombi ya uraia, kwani alikuwa kwa mjomba wake katika mwalo mmoja wa Ukerewe, na jina lake likasahauliwa. Wadogo zake wawili wamezaliwa baada ya baba yao kukipokea cheti.

Basi katika nyumba hiyo moja, wanaokula katika sinia moja, sheria inaona watu wa hadhi nne. Baba ni raia kwa tajnisi. Mama ni mke wa raia, lakini si raia. Kijana amezaliwa katika nchi hii wakati wazazi wake wote wawili walikuwa wageni, na katika utekelezaji kuzaliwa ndani ya mipaka peke yake hakuhesabiwi kuwa kunatosha. Huangaliwa pia uraia wa mzazi. Wale wadogo wawili ni raia wa kuzaliwa, kwa kuwa wamezaliwa na baba ambaye tayari ni raia, nao watakapotimiza miaka 18 watajiandikisha kama mtoto mwingine yeyote wa Kirumba au Igoma.

Tulimjibu hivi: "Mzee mwenzetu, wewe nenda, na cheti chako ukibebe. Mama na kijana wasiende kwanza. Safari yao inaanzia ofisi ya Uhamiaji, haianzii kituo cha kuandikisha." Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kuwa kijana wake ataumia sana, kwa sababu wenzake wote wa mwaloni watakuwa na kadi isipokuwa yeye. Tulimwambia kwamba tunalijua hilo, na kwamba kuumia huko ni kwepesi kuliko kusimama mbele ya mwandikishaji na kutamka neno lisilo la kweli.

Sheria inasema nini?

Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Haikumtenga raia wa tajnisi, wala haikumwekea muda wa kusubiri. Mahali ambapo Katiba imetenga ni katika urais, ambao ibara ya 39 inamtaka mgombea awe raia wa kuzaliwa. Lakini mbele ya sanduku, kura ya aliyepata uraia jana na kura ya ambaye babu wa babu yake amezikwa Magu zina uzito ule ule.

Kuhusu njia ya kuupata uraia huo, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji mtu mzima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo awe ameishi nchini kwa jumla isiyopungua miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe mwenye tabia njema, na akusudie kuifanya nchi hii kuwa makazi yake ya kudumu. Uamuzi ni wa waziri mwenye dhamana. Na kwa kuwa nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, anayepokea huu wetu huukana ule wa kwanza. Hiyo ndiyo njia iliyo mbele ya yule kijana.

Kwa mwanamke aliyeolewa na raia, sheria imefungua mlango ulio mpana zaidi: anayo haki ya kuomba tajnisi wakati wowote maadamu mumewe yu hai. Tunawaomba wasomaji wayazingatie maneno haya, "maadamu mumewe yu hai." Wangapi miongoni mwetu wamekaa miaka 30 katika ndoa wakisema "tutaomba mwakani," hata mauti yakaja na mlango ule ukafungwa? Tena mlango huo unahitaji uthibitisho wa ndoa. Hapa lawama inaturudia sisi wenyewe tunaofungisha nikahi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa isajiliwe, lakini bado zipo nikahi zinazofungwa kwa walii, mashahidi na mahari, kisha karatasi ikasahauliwa. Nikahi hiyo ni sahihi mbele ya Mola wetu, lakini mjane wa nikahi hiyo huja kusimama mbele ya meza ya ofisi bila ya ushahidi wowote. Kuandika si desturi ya kigeni kwetu. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imetuamrisha tuliandike hata deni tunalokopeshana.

Miaka minne bila ya karatasi

Ili tulielewe jambo hili vizuri, hatuna budi kurejea nyuma kidogo. Wale Warundi wa mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi matatu: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakalipa kodi, wakazaa na wakazikana humo. Mwaka 2008 wakaulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Walio wengi walichagua kubaki, na kufikia mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Ni watu wachache duniani waliopata kupewa uraia kwa wingi wa namna hiyo kwa mkupuo mmoja, na nchi yetu inastahiki shukrani kwa hilo.

Hata hivyo, kukubaliwa ni jambo moja na kukabidhiwa cheti ni jambo jingine. Wakati huo walitakiwa kuhama katika makazi hayo na kutawanywa mikoani, na mpango huo ukakwama. Wakawa wameukana uraia wa walikotoka, ilhali cha kuonyesha hapa hawana. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, na ikaamuliwa kuwa wanaweza kubaki pale walipo. Hivyo uchaguzi mkuu wa 25 Oktoba 2015 ndio wa kwanza kuwakuta wakiwa na vyeti mikononi.

Katikati ya miaka hiyo ndipo ilipopita Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Maelfu ya watu waliondolewa nchini, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wamekaa miaka mingi, wenye wake, watoto na mashamba. Hatuandiki haya ili kufukua makaburi. Nchi inayo haki ya kulinda mpaka wake, na hakuna dola isiyofanya hivyo. Tunayaandika ili msomaji aelewe kwa nini yule mzee wa dagaa, mwenye cheti halali, alikaa miaka 10 bila ya kujiandikisha. Alituambia kuwa aliogopa kuitwa mbele za watu na kuulizwa kabila lake. Cheti kilikuwa ndani ya sanduku, kimefungwa katika mfuko wa nailoni, kama hirizi.

Nasi wa Kanda ya Ziwa tunapaswa kuwa wa kwanza kumwelewa mtu wa namna hii. Wazee wetu walikwisha kuhukumiwa kuwa hawafai kuhesabiwa. TANU ilikatazwa kufanya kazi katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Na uchaguzi wa kura tatu ulipokuja mwaka 1958, mtu mzima hakuandikishwa kwa utu wake, bali kwa kipato chake, elimu yake au cheo chake, na mkulima wa pamba wa Usukumani aliyeilisha hazina ya koloni akawekwa nje ya mlango. Kisha Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa bungeni, wapo waliotaka uraia uwe wa weusi peke yao. Mwalimu Nyerere alisimama akapinga kwa ukali, akatamka kuwa serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuugawa uraia kwa rangi. Msingi uliowekwa siku ile ndio anaousimamia leo kila Mtanzania wa asili ya Yemeni, Oman, Gujarati, Rwanda, Burundi au Kongo. Na ni msikiti gani wa Mwanza usiokuwa na safu yenye watu wa asili hizo, wamegusanishana mabega?

Kuandikwa jina si jambo geni katika dini

Wapo ndugu wanaodhani kuwa habari za madaftari ni mambo ya serikali tu, yasiyo na mizizi katika mafunzo yetu. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Hudhaifa kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha yaandikwe majina ya watu waliojitangaza kuwa Waislamu, nao wakaandika wanaume 1,500. Sayyidna Umar alipokuwa khalifa alianzisha diwani, yaani daftari la kuorodhesha majina ya watu na haki zao. Neno hilo hilo limetufikia katika Kiswahili, na leo tunamwita diwani yule tunayemchagua katika kata.

Tena Madina ilijengwa na wenyeji na wageni. Muhajirina walifika mikono mitupu, na Ansari wakafanywa ndugu zao. Katika mwaka wa tano wa Hijra, mji ulipotishiwa na majeshi ya makundi, rai iliyofuatwa ya kuchimba handaki ilikuwa ya Salman, mtu wa Uajemi, aliyekuwa mgeni miongoni mwa wageni. Hakuambiwa kwamba asubiri vizazi vitatu ndipo ashauri.

Lakini mlango huo wa kushauri huingiwa kwa ukweli. Anayejiandikisha anatoa ushahidi juu ya nafsi yake: kwamba ni raia, kwamba umri wake ni huu, kwamba anaishi hapa. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha kusimamisha uadilifu katika ushahidi, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au wazazi wetu. Na imesihi katika hadithi ya Abu Bakra kwamba Mtume (S.A.W.), alipokuwa akiyataja madhambi makubwa kabisa, alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa kitako, akalikariri neno hilo hadi maswahaba wakatamani anyamaze. Kwa hiyo mwenye tajnisi asijiite raia wa kuzaliwa kwa kuona haya. Tajnisi si doa. Asiye raia asijiandikishe kwa kuwa mjumbe amemhimiza au mgombea amemwahidi; hilo ni kosa la jinai, na linaweza kumharibia maombi yake ya uraia maisha yote. Wala mtu asijiandikishe mara mbili, huku Ilemela na kule Sengerema. Aliyehama anayo nafasi ya kuhamisha taarifa zake.

Amri hiyo hiyo inamgeukia jirani. Daftari la awali hubandikwa hadharani ili watu walikague, na mtu anaruhusiwa kumwekea pingamizi asiyestahiki. Pingamizi ni ushahidi. Ukiliweka kwa kuwa unajua kwa yakini, umeisaidia nchi yako. Ukiliweka kwa kuwa mligombea mpaka wa kiwanja, au kwa kuwa pua ya mwenzako ni ndefu na matamshi yake ya Kiswahili yana lafudhi ya ng'ambo ya mto, umeshuhudia uongo, na aya ya 12 na ya 13 za Suratul-Hujuraat, zinazokataza dhana mbaya na kutufundisha kuwa makabila yamewekwa ili tujuane, zitakuwa hoja dhidi yako.

Tuongeze jambo moja ambalo wengi hulichanganya. Kadi ya mpiga kura ni ya kuchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji una orodha yake mbali, kama ilivyokuwa Oktoba 2024 kabla ya uchaguzi wa 27 Novemba. Raia mpya asiupuuze huo wa mtaa. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayeandika barua ya utambulisho, na kwa mtu ambaye utambulisho wake huulizwa kila mara, hakuna kiongozi aliye karibu naye zaidi.

Baada ya Oktoba 2025

Tungependa kuishia hapo, lakini tungekuwa tumemficha msomaji nusu ya habari. Yule mzee alijiandikisha, akawa mmoja wa watu zaidi ya milioni 37 waliokuwamo katika daftari. Tarehe 29 Oktoba 2025 alipiga kura asubuhi mapema, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Ilipofika mchana, machafuko yalikuwa yamezuka katika miji kadhaa, na jiji letu la Mwanza nalo likaonja. Intaneti ikazimwa. Watu wakafa. Wapinzani wakubwa hawakuwamo katika karatasi ya kura, na yapo majeraha ambayo hadi leo hayajafunga. Tunawaombea marehemu rehema na wafiwa subira.

Ijumaa moja baadaye mzee yule alitujia tena. Safari hii hakuuliza swali la sheria. Alisema: "Shehe, mlituambia twende. Je, hiki ndicho tulichoandikiwa?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na hatuoni haya kukiri. Tulimkumbusha ile hadithi ya Hudhaifa, kwa sababu ina sehemu ya pili ambayo hutajwa kwa nadra. Hudhaifa anasimulia kwamba walipojikuta 1,500 walisema, tutaogopaje nasi ni wengi kiasi hiki? Kisha anasema kuwa baadaye walijaribiwa, hata mtu akawa anaswali peke yake kwa hofu. Kwa hiyo hata maswahaba waliandikwa, wakahesabiwa, na bado hofu ikawafikia. Hofu hiyo haikulifanya lile daftari kuwa kosa, wala haikumfanya yeyote kati yao ajute kuwa aliandikwa.

Tukamwambia kwamba aliyetoa ushahidi wa kweli ametimiza lililo juu yake, na lililofanywa baada ya hapo limo katika shingo za waliolifanya. Na wenye mamlaka nao wana lao la kukumbushwa: anayeliandika jina la mtu amepokea amana. Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na amana ya jina lililoandikwa ni mambo matatu: kura ihesabiwe kwa haki, mwenye nayo awe na wa kumchagua, na arudi nyumbani salama. Raia hawezi kudai amana ambayo hakuiweka. Ndiyo maana hatumshauri yeyote, mpya au wa zamani, kuliondoa jina lake. Mtu aliyekaa miaka 40 bila ya kuhesabiwa popote analijua hilo kuliko sisi.

Mzee alitusikiliza hadi mwisho. Hakusema kuwa ameridhika. Aliomba tumsaidie kuandika barua ya kuthibitisha nikahi yake, ili mkewe apeleke maombi Uhamiaji. Kijana wao ameshapeleka yake, na bado anasubiri jibu.

Wito wetu kwa kila familia ni huu: Ijumaa hii, baada ya swala, fungueni lile sanduku. Tazameni nani ana cheti cha kuzaliwa, nani ana cheti cha tajnisi, nani ana cheti cha ndoa, na nani hana kitu. Ambaye hana, aanze safari sasa, wakati wazazi wangali hai wa kutoa ushahidi na hakuna uchaguzi unaomharakisha mtu kusema uongo.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuwafikishe kusema kweli, azitengeneze nyoyo zetu, na aijaalie nchi yetu amani yenye haki ndani yake. Wabillahi tawfiiq.